Kupiga na Kupigwa Picha: Uhakiki wa Picha za Chumba cha Ndani

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wameandika mengi juu ya ushairi, tamthilia na riwaya. Wameandika hata juu ya kanga na majina yake. Picha ya kamera wameipa kisogo, kana kwamba si sanaa yenye fani na maudhui. Na katika picha hizo iko aina moja ambayo wengi wetu huona haya hata kuitaja: picha ya mwanamke aliye katika chumba cha kulala, amevaa nguo za ndani au amejifunga shuka, katika hali ambayo kwa desturi huonwa na mwenzi wake peke yake. Wafaransa wana jina la chumba hicho, boudoir, na jina hilo limeifuata picha hiyo katika nchi nyingi za dunia.

Wanaoijadili picha hii hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba ni uozo ulioletwa na wageni. Kambi ya pili husema kwamba ni ukombozi wa mwanamke. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kambi zote mbili zinauliza swali moja dogo, yaani mwili umefunuliwa kiasi gani. Swali kubwa ni jingine: picha imeagizwa na nani, imewekwa na nani, na inatazamwa na nani?

Sarufi yetu wenyewe inatuelekeza kwenye swali hilo. Mtu atokaye studio husema, "Nimekwenda kupiga picha," ingawa aliyeshika kamera ni mwingine. Kiswahili kinamruhusu aliyekaa mbele ya kamera awe mtenda, kwa kuwa ndiye aliyekusudia, akajipamba, akalipa. Lakini mtu huyo akivamiwa na kamera njiani, atasema, "Nimepigwa picha." Kitendo ni kile kile na chombo ni kile kile. Kilichobadilika ni nani mwenye nia. Tutaitumia tofauti hii ya kutenda na kutendwa kuipima historia ya picha za chumba cha ndani.

Chumba cha kununia

Neno boudoir limetokana na kitenzi cha Kifaransa bouder, maana yake kununa. Basi kwa asili chumba hiki ni chumba cha kununia: mahali ambapo mwanamke wa tabaka la juu, katika Ufaransa ya karne ya 18, aliweza kujitenga na wageni, na mumewe pia, akabaki na nafsi yake. Lakini wanaume hawakukiacha chumba hicho kwa mwenyewe. Mwaka 1780 msanifu majengo Nicolas Le Camus de Mézières alikieleza katika kitabu chake kuwa ni makao ya anasa, akashauri kipambwe kwa vioo. Mwaka 1795 Marquis de Sade alikitia chumba hicho katika jina la kitabu chake cha ufasiki. Hivyo mahali pa mwanamke kujificha pakageuzwa, kwa maandishi, kuwa mahali pa mwanamume kumkuta.

Nyumba ya mawe ya Lamu inafaa kuwekwa kando ya chumba hicho kwa ulinganisho. Mgeni hupokewa kwenye daka. Akiruhusiwa huingia kiwandani, kisha msanani; na nyuma ya misana ndipo palipo ndani, penye ukuta wa zidaka. Kila hatua ni ruhusa mpya. Nyumba hii haikatazi kuonana. Inapanga nani aonane na nani, na wapi. Tutakumbuka mpango huo tutakapoifikia picha.

Ufundi wa Daguerre ulipotangazwa Paris mwaka 1839, haikupita miaka mingi kamera ikawa imeingia chumbani. Katika miaka ya 1840 na 1850 ziliuzwa picha za wanawake walio uchi kwa kisingizio kwamba ni masomo ya wachoraji. Mwaka 1851 mpiga picha Félix-Jacques Moulin alihukumiwa kifungo kwa ajili ya picha za namna hiyo. Wateja walizijua picha hizo kwa jina la fundi, ilhali wanawake waliokuwa ndani yake kwa sehemu kubwa hawana majina. Hao walipigwa picha.

Bibi wawili wa miaka ya 1850

Katika mji huo huo wa Paris alitokea mwanamke aliyeligeuza jambo hili. Virginia Oldoini, Countess wa Castiglione, alizaliwa Florence mwaka 1837 na kufika Paris mwaka 1856, akawa kwa muda kipenzi cha Kaisari Napoleon III. Kuanzia mwaka huo hadi mwaka 1895 alikwenda mara kwa mara katika studio ya Pierre-Louis Pierson, na zilitoka picha zaidi ya 400. Pierson ndiye aliyeendesha kamera. Countess ndiye aliyechagua nguo, mkao, pembe ya kutazamwa na hata majina ya picha. Katika picha moja mashuhuri ya miaka ya 1860 ameshika fremu nyeusi ya duara mbele ya jicho lake. Mtazamaji anadhani anamtazama, kumbe anatazamwa yeye. Katika nyingine ameonyesha miguu yake mitupu, jambo ambalo kwa mwanamke wa daraja lake lilikuwa la kushtusha kuliko mabega wazi.

Kwa kipimo chetu, mwanamke huyu alipiga picha. Ndiye mtunzi, na Pierson ni kalamu yake. Hata hivyo uwezo wake ulikuwa na mpaka. Alipofariki mwaka 1899, Robert de Montesquiou alizikusanya picha 433 na mwaka 1913 akatoa kitabu juu yake. Nyingi kati ya hizo sasa zimo katika Metropolitan Museum of Art, New York, ambako yeyote aweza kuziona. Aliyejitungia taswira kwa miaka 40 hakuweza kuamua nani aitazame baada yake.

Mnamo mwaka 1858, Countess akiwa bado kijana, Mwana Kupona binti Mshamu wa visiwa vya Lamu alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utendi ambao kila msomi wa Kiswahili anaujua. Sehemu moja yake inahusu chumba cha ndani: binti anaaswa juu ya kujifukiza udi, maua, wanja, vikuku na hali ya kitanda. Wahakiki wamebishana sana kama utendi huu unamtukuza mwanamke au unamtiisha. Sisi hapa tunataka kutazama jambo jingine, nalo ni namna maneno yanavyofanya kazi.

Mwana Kupona anatupa chumba, harufu na mapambo, lakini hatupi mtu. Hatumwoni Mwana Hashima. Maneno yake ni maagizo, na kila msichana aliyeusoma utendi huo baadaye aliweza kuingia mahali pa binti yule. Kwa sababu hiyo utendi ulinakiliwa, ukasomwa, ukachapishwa na kufundishwa, wala hakuna mwanamke hata mmoja aliyetolewa nje kwa kusomwa kwake. Picha haina uwezo huo. Picha ya kamera hubeba mwili wa mtu mmoja, wa siku moja, na kila inapokwenda inakwenda naye. Hii ndiyo tofauti ya msingi kati ya sanaa hizi mbili. Ushairi unaweza kuufungua mlango wa ndani pasipo kumfunua yeyote. Picha haiwezi, na kwa hivyo inahitaji mlinzi.

Nyuso zilizokwanguliwa

Mfano ulio wazi kabisa wa picha isiyo na mlinzi unatoka New Orleans, Marekani. Katika mtaa wa Storyville, ambao tangu mwaka 1897 hadi 1917 sheria iliutenga kwa biashara ya umalaya, mpiga picha E. J. Bellocq aliwapiga picha wanawake wa mtaa huo mnamo mwaka 1912. Alitumia vioo vikubwa. Alikufa mwaka 1949 bila ya kazi hii kujulikana. Lee Friedlander alivinunua vioo 89 mwaka 1966, akavisafisha picha, na mwaka 1970 zikaonyeshwa katika Museum of Modern Art, New York.

Wengi waliozitazama walistaajabu kwa jinsi zilivyo na utulivu. Wamo waliovaa mavazi yao mazuri kama waendao kanisani, na wamo walio uchi. Mmoja amevaa soksi za mistari, ameketi mezani na glasi ya kinywaji, hana haraka wala hofu. Mhakiki aweza kusema kwamba hapa pana maafikiano kati ya anayepiga na anayepigwa, na kwamba wanawake hawa, ambao kila siku walitazamwa kwa bei, siku hiyo walitazamwa kwa heshima.

Lakini katika baadhi ya vioo hivyo uso wa mwanamke umekwanguliwa hata ukawa doa jeusi juu ya mwili mweupe. Nani alifanya hivyo, na kwa nini, wataalamu hawajakubaliana. Tusemalo sisi ni kwamba mkwaruzo huo ni sehemu ya maana ya picha. Mtu fulani alitambua kwamba picha ile ingetoka nje ya chumba, na kwamba uso ndio ungefanya mwili ule uwe wa fulani binti fulani. Alichokifanya kwa msumari au kisu ni kujaribu kuifanya picha iwe kama ushairi: iwe na chumba na mwili, isiwe na mtu. Na huzuni iliyomo ni kwamba, ili kumlinda, ilibidi kumharibu.

Chumba cha kubuni

Mwanzoni mwa karne ya 20 picha ya chumba cha ndani ilipanda meli. Mwandishi wa Algeria, Malek Alloula, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alizichambua kadi za posta ambazo Wafaransa walizitengeneza huko kwao kati ya takriban 1900 na 1930. Zilidai kuonyesha wanawake wa harimu. Alloula alionyesha kwamba harimu ile ilikuwa studio. Mpiga picha hakuweza kuingia ndani kwa watu, basi akabuni ndani yake mwenyewe, akaweka zulia, birika na dirisha la nondo, akamlipa mwanamke maskini akae humo. Boudoir ya Paris ikavikwa kilemba.

Pwani yetu pia ilipata sehemu yake. Wapiga picha Wagoa wa Unguja, kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho, waliuza kadi za posta kwa wasafiri wa meli. Kati ya picha za bandari na mitaa zilikuwamo za wanawake, wamefungwa kanga, wamesukwa nywele, wamekaa juu ya mkeka au kiti. Maandishi ya chini aghalabu hayataji jina la mtu. Hutaja aina: mwanamke wa Kiswahili, mrembo wa Unguja. Utaona kwamba kila kitu katika kadi hizo ni chetu, kanga ni yetu na mkeka ni wetu, lakini picha si yetu. Imeagizwa na duka, ikawekwa na msafiri, ikatazamwa Hamburg na London.

Fundisho lake ni muhimu kwa wale ambao leo hutaka picha hizi "zifanywe za Kiafrika" kwa kubadilisha mapambo, yaani kuondoa pazia la hariri na kutia kanga na chetezo. Mapambo ya nyumbani hayaifanyi picha kuwa ya nyumbani. Kadi za posta zilikuwa na mapambo yote hayo.

Upande wa pili wa mfano huu ni studio za mjini. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, studio ya N. V. Parekh ilipokea wateja wa kila jamii, wakiwamo wanawake wa Kiislamu waliovua buibui mbele ya kamera, wakasimama na nguo na nywele zao walivyotaka. Picha zilirudi nyumbani zikawekwa katika albamu, zikaonyeshwa kwa ndugu na mashoga. Si picha za chumbani kwa maana ya Kifaransa. Lakini kanuni iliyozitawala ndiyo tunayoitafuta: kuna kuonekana, na kuna wanaostahili kuona.

Kanuni hiyo tunaikuta hai katika sherehe ya kupamba. Bibi harusi hukaa jukwaani katika uzuri wake wote, na mamia ya wanawake huja kumtazama. Siku hizi, katika sherehe nyingi, wageni huombwa mlangoni wasiingie na simu, au wasizitumie kupiga picha. Wanaodhani kwamba utamaduni wa pwani unaogopa uzuri wa mwanamke kuonekana hawajahudhuria kupamba. Wala haimo hofu ya kamera kwa kuwa ni kamera. Linalokatazwa ni jicho ambalo halikualikwa.

Mvuto wa leo

Huduma ya kupiga picha za namna hii ilienea kibiashara Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1980, na ikazidi sana kamera za dijitali zilipoenea katika miaka ya 2000. Leo hata Nairobi wamo wapiga picha, wengi wao wanawake, wanaoitoa. Wateja wa kwanza walikuwa mabibi harusi waliotaka kuwapa waume zao zawadi. Baadaye walifuata wanawake walio na sababu nyingine: aliyejifungua na kuuona mwili wake umekuwa mgeni kwake, aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, aliyeachika, aliyetimiza miaka 50. Mwanamke wa namna hiyo hamtafuti mtazamaji. Anataka shahidi. John Berger, katika kazi yake ya mwaka 1972, alieleza jinsi mwanamke katika sanaa ya Ulaya alivyozoeshwa kujitazama kwa macho ya mwanamume anayemtazama. Mteja wa leo anadai kwamba amelirudisha jicho hilo mikononi mwake. Dai hilo tusilidharau. Waswahili husema mficha uchi hazai. Na maana ya methali hii haiishii kwenye kufunua, bali inamdokeza pia mkunga, yule anayestahili kufunuliwa.

Pamoja na hayo, mhakiki ana mawili ya kusema. La kwanza ni la fani. Ukizitazama nyingi za picha hizi utaona mkao mmoja ukirudiwa: shuka jeupe, nuru ya dirishani, mgongo uliopindwa, macho yaliyofumbwa nusu, ngozi iliyolainishwa kwa kompyuta. Mteja anaambiwa kwamba atajiona alivyo, kisha anapewa mwili wa kuazima. Mwanamke aliyekwenda kupiga picha anarudi akiwa amepigwa, na aliyempiga ni mtindo. Countess alikuwa na picha 400 na ndani yake hakukubali kuwa mtu mmoja.

La pili ni la ulinzi, nalo ni zito zaidi. Zamani filamu ilibidi ipelekwe kwa fundi wa chumba cha giza, na jicho lake lilikuwa kizuizi. Kamera ya Polaroid, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilimwondoa fundi huyo, na kamera ya dijitali ikamwondoa kabisa. Watu wawili wangeweza sasa kupiga picha pasipo wa tatu. Lakini chombo kile kile kilichomfukuza jicho la tatu kimeleta macho yasiyo na hesabu, kwa kuwa nakala haina gharama wala kikomo. Picha aliyopewa mume kwa mapenzi huweza kuwa silaha siku ya ugomvi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta, katika kifungu cha 37, iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au zote mbili, kwa anayesambaza picha za mwingine za namna hiyo. Hata hivyo lugha ya kifungu hicho inataja pamoja picha za siri na picha chafu, kana kwamba ni ndugu. Picha ya mwanamke aliyepona saratani haina uchafu wowote. Uchafu huanza mkononi mwa anayeisambaza. Sheria isiyotenganisha mambo haya humfanya aliyedhulumiwa aone haya kwenda kushitaki.

Hitimisho: suala la istilahi

Linalobaki ni jina. "Picha za uchi" halifai, kwani nyingi si za uchi, na jina lenyewe limekwisha kuhukumu. "Picha za unyumba" linazifungia katika ndoa, na tumeona kwamba wengi hawazipigi kwa ajili ya ndoa. "Picha za chumbani" linataja mahali tu; na chumba, kama tulivyoona Algeria, chaweza kubuniwa. Tunapendekeza "picha za faragha". Faragha ni hali iliyopo kati ya watu kwa ridhaa yao. Wawili wanaweza kuwa nayo ufukweni, na mmoja anaweza kuikosa kitandani mwake. Jina hili linambana mpiga picha pia, kwa kuwa kilicho cha faragha kikitiwa mkononi mwa mtu ni amana, na anayetoa amana nje ni mwizi, awe fundi, mume au jumba la makumbusho.

Wala mhakiki hasalimiki. Tumeandika hapa juu ya wanawake wa Storyville ambao hawakutualika, na wanawake wa kadi za Unguja ambao majina yao hatukuambiwa. Ndiyo sababu tumejizuia kuieleza miili yao kuliko hoja ilivyohitaji. Anayeingia ndani kwa watu bila ya kubisha hodi, hata akiwa na kalamu ya usomi, ajue kwamba amevuka daka, kiwanda na misana, na kwamba mwenye nyumba hajasema karibu.